Uji wa Kulisha Tangi

Sikumpenda Anselme tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Mtu mzima katoka Bukavu na koti moja, kapewa kazi ya kuchunga tangi la maji machafu nyuma ya kliniki yetu ya uzazi hapa Old Kampala, basi anatembea kifua mbele utadhani kapewa benki! Mimi Nafuna, mkuu wa usafi, miaka tisa nasugua sakafu zile, ananirushia "Jambo, mama" moja tu, anashuka kwa tangi lake.

Kila asubuhi alichota maji ya tangini kwa glasi. Maji ya choo, wewe, ya kahawia! Aliyainua kwenye jua, akayaacha nusu saa mpaka tope likae chini, kisha akanusa na kutabasamu. Nikamwuliza humo kuna nini.

"Batu bangu, mama."

Watu wake! Humo ndani!

Krismasi ndiyo iliyonimaliza. Kliniki ilikuwa karibu tupu. Nikamwona Anselme anatoka jikoni na sufuria ya uji, anapita nyuma ya kamba za nguo, anaangalia huku na huku. Nikavua kandambili, nikamfuata. Akainua mfuniko wa tangi, akamimina uji wote polepole huku midomo inamchezacheza. Uji wa wagonjwa!

"Beko na njaa," akaniambia, yaani wako na njaa, na wala hakushtuka.

Nilimpelekea habari Sista Alum, muuguzi mkuu. Akacheka. Ati ni bakteria, vijidudu hai vinavyokula uchafu wetu, na ile pampu inayonguruma mchana kutwa inavipulizia hewa. Sikukuu watu wakipungua, uchafu unapungua, navyo vinabaki na njaa. Ule uji ni masalio tu, jikoni wanajua. Nikacheka naye mdomoni tu. Vijidudu? Mimi naajiriwa kuua vijidudu, huyu analipwa kuvifuga hatua thelathini kutoka kwa vitoto vichanga? Na kama ni kazi halali, mbona anaangalia huku na huku?

Jumamosi nikafungua stoo, nikatoa madumu matatu ya Jik, dawa yetu kali ya kuua vijidudu, ile ambayo harufu yake haitoki mikononi, nikayamwaga kwenye mfereji wa kufulia unaoteremka moja kwa moja mpaka tangini. Jumapili nikaongeza mawili. Haki ya Mungu nilijisikia vizuri.

Kufika Jumatano tope limegeuka kijivu, povu jeupe linamwagika nje, na harufu, banange! Wenye maduka ng'ambo ya barabara walifunga milango. Akina mama wodini waliwafunika watoto kwa khanga, wakaniuliza mimi, "Mbona pachafu hivi, Mama Nafuna?" Alhamisi akaja mkaguzi wa afya: maji yanayotoka yasipokuwa safi baada ya wiki mbili, kliniki inafungwa.

Dokta Okeny, mwenye kliniki, akatuita sote uani.

"Anselme, umefanya nini?"

"Dokta, mtu amemwaga Jik. Mingi sana. Bamekufa bote." Akamwinulia glasi ya tope la kijivu.

"Nani amemwaga?"

Anselme akatutazama mmoja mmoja, mpishi, askari wa geti, mimi. Mimi akanitazama muda mrefu zaidi. Nikatazama pembeni.

"Hujui. Umelala kazini, sasa unatafuta wa kumsingizia," Dokta akasema. "Rudisha funguo za tangi na za chumba."

Chumba ni kile kibanda cha getini. Anselme hakuwa na kwingine katika Kampala nzima. Akaingiza mkono mfukoni, akazitoa funguo. Mimi nilikuwa nimeyataka haya tangu siku ya kwanza, si ndiyo? Mbona basi nilitamani azirudishe mfukoni? Miaka tisa nasugua, nasukuma uchafu mferejini, najisifu pamekuwa safi. Sikuwahi kujiuliza unakwenda wapi. Kumbe niliuacha nusu ya njia, na waliokuwa wakiumaliza ni hao niliowaua.

"Ni mimi," nikasema. "Madumu matano."

Dokta Okeny alinitukana matusi ambayo sitayarudia. Mwishowe akasema wiki mbili ni zetu sote wawili: tangi likipona tunabaki, lisipopona tunaondoka pamoja. Anselme hakunishukuru. Alirudisha funguo mfukoni, akaenda kuomba tope hai kwenye tangi la hoteli moja, kama mtu anayeomba chachu kwa jirani. Madumu sita. Niliyabeba mimi toka getini, yananidondokea miguuni. Pampu ikanguruma, nikapika uji, tukangoja. Siku ya kumi na mbili tope likakaa chini ya glasi, la kahawia, na juu yake maji meupe. Nikanusa. Yalinukia udongo uliopata mvua. Mkaguzi alipokuja, alitupitisha.

Sasa ni mwaka wa nne. Uji wa sikukuu napeleka mimi. Ila nikifika tangini Anselme haniachi nipite hivihivi.

"Mikono, mama."

Naweka sufuria chini, namnyooshea yote miwili. Anainusa viganja, anainusa mpaka kwenye kucha, ndipo anainua mfuniko.