Eda ya Mume Aliye Hai

Nakumbuka mchana mmoja wa Kawempe, kule Buganda, mwanangu, ambao mpaka leo hunijia nikisinzia baada ya sala ya adhuhuri. Huja bila sauti kwanza. Naona vumbi jekundu likielea mlangoni mwa duka, naona mizani ya sukari imekaa tupu kwa sababu sukari yenyewe haipatikani, naona mkono wangu umeshika simu nyeusi na sina neno la kusema. Kisha sauti hurudi, kana kwamba mchana ule haujaisha.

Nasikia wewe nawe unangoja viza ya kumfuata mumeo. Nasikia pia kwamba umeacha kutoka, huendi popote, hutaki kitu. Basi kaa hapa karibu yangu nikusimulie, nami nitajitahidi kusimulia kwa mpangilio.

Nilikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Mume wangu, Abdu, alikuwa fundi wa mitambo serikalini, na watu wake walikuwa wa zile familia zilizofika Buganda zamani na biashara za pwani, zikakaa zikawa za hapahapa, lakini Kiswahili hakikutoka nyumbani mwao. Miezi michache baada ya ndoa alipelekwa Uingereza kusoma. Akiwa huko, nchi ikaingia mikononi mwa wanajeshi. Muda wa kurudi ulipofika, mwenzake mmoja alitangulia. Wanaume waliovaa miwani ya jua walimpokea Entebbe alipoteremka kwenye ndege, na mama yake hakumwona tena. Abdu akabaki kule. Tukakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayekwenda, na maombi yakaanza. Karatasi zilipitia ubalozi wa Waingereza Nairobi, zikarudi na swali, zikaenda na jibu, zikarudi na swali jingine.

Nilikaa kwa mama mkwe. Nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko kidogo, na chini yake bonde la mafunjo. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka kule ukafunika mabati ya jirani, nikawa natazama dirishani na kujiambia kwamba huo ndio ukungu wa Abdu. Mji wake niliujenga kichwani kwa vipande alivyonieleza: mvua nyembamba, taa za barabarani zinazowaka mchana, koti lake zito la kijivu. Nilitembea humo siku nzima. Mama mkwe aliniita mara tatu kabla sijamsikia.

Ndivyo nilivyoanza kupungua, mwanangu, kidogo kidogo, bila mtu kunilazimisha. Niliacha kwenda harusini, maana mume hayupo, nitacheza na nani? Nikaacha hina. Nikavua bangili nikazifunga kwenye kitambaa. Wanja ukakauka kichupani. Mwishowe nikawa navaa shuka nyeupe tupu ndani na nje. Majirani wakasema, mke wa Abdu ana heshima, huyo ndiye mke. Mama mkwe alinirudishia maneno yao huku akinipakulia chakula, uso umemng'aa. Nilikula sifa zile pamoja na ndizi, na kusema kweli zilikuwa tamu kuliko ndizi.

Wakubwa wa viza wakataka picha yangu mpya. Nilikwenda kwa mpiga picha hivyohivyo nilivyokuwa. Alitoa kichwa nyuma ya kamera yake akauliza, "Nnyabo, bibi, pole. Ni nani?" Nikadhani ananiuliza jina, nikamtajia langu. Muuguzi mmoja wa Mulago aliyekuwa anasafiri akaibeba ile picha mpaka mikononi mwa Abdu, aipeleke mwenyewe ofisini kule.

Sasa nikutajie Mama Hajara. Alikuwa jirani yetu, Mganda, mwenye duka na simu ya pekee pale mtaani. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja na kwa askari wa kambini, kikipinda upande wake, lakini kilifika alipotaka kifike. Mumewe alichukuliwa dukani mchana, mbele ya watu, akaingizwa kwenye buti la gari. Toka siku ile hakuna aliyeleta habari yake. Na Mama Hajara kila asubuhi alifungua duka amepaka wanja, amevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, iliyopigwa pasi, mikono ina hina. Watu walimsema. Mimi pia, moyoni, nilimsema.

Mchana ule aliniita kwa kelele kutoka barabarani. "Zaina! Mbio! Bwana yako iko kwa simu!"

Nilikimbia na ile shuka yangu. Sauti ya Abdu ilitoka mbali, kama mtu anayezungumza kisimani.

"Zaina, nani amekuambia nimekufa?"

"Hakuna."

"Nimeiona picha. Shuka nyeupe, masikio matupu, macho hayana kitu. Huyo ni mwanamke aliye edani. Eda ya nani, kama si yangu? Wamekuletea habari gani?"

"Hakuna habari, Abdu."

"Basi mnanificha jambo. Jumamosi napanda ndege. Nakuja mnione kwa macho yenu."

Hapo ndipo kivuli kilipoingia mlangoni. Askari mmoja, bunduki begani, alikuja kutaka sigara, akaegemea meza ya duka hatua moja kutoka nilipo. Mwanangu, nilitaka kupiga kelele, usije, watakuchukua Entebbe! Lakini kusema mbele ya askari kwamba nchi haifai kurudiwa lilikuwa kosa la kukupoteza. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi yao. Na kugeuza ghafla nikasema Kiganda kungemfanya asimame wima. Nikabaki na simu sikioni, na Abdu anaita, "Zaina? Zaina?"

"Nani hiyo?" askari akauliza.

Mama Hajara alinipokonya simu huku anacheka, cheko la sokoni kabisa. "Afande, ni bwana ya huyu. Iko Ulaya. Ameona picha ya bibi yake, ameogopa!" Kisha akaigeukia simu. "Wewe Abdu! Bibi yako hajafiwa, ni mvivu tu! Siku ya picha hakuoga! Anakupenda mpaka amekuwa mjinga, bambi, maskini. Unasema unakuja? Unakuja kufanya nini? Kumuogesha? Baki na kazi yako huko. Nitamuogesha mimi, nitakuletea picha ingine. Ukiona hiyo picha, kama bado unaona mjane, basi kuja."

Askari alicheka mpaka moshi ukamtoka puani. "Ambia yeye achukue bibi yake haraka," akasema akinitazama juu mpaka chini. "Hapa tutachukua sisi." Mama Hajara naye akacheka, akampa sigara, wala hakugusa ile noti aliyotoa. Akanirudishia simu sikioni. Nikasikia Abdu anasema polepole, "Nangoja hiyo picha. Isipofika, nakuja." Laini ikakatika.

Askari alipoondoka, cheko la Mama Hajara liliondoka naye. Alikaa juu ya gunia, akaitazama mikono yake yenye hina.

"Bwana yangu walichukua hapahapa, nyuma ya hii mizani," akaniambia. "Watu wananiuliza, Mama Hajara, eda utakaa lini? Eda ya nani? Nani ameona maiti? Nikikaa, nimesema amekufa, na mimi sijui. Kwa hiyo naamka, napaka wanja, nafungua duka. Akirudi leo, akute mtu. Sasa wewe! Yako anapiga simu, anakasirika, anakohoa, iko hai kabisa. Unamzika ya nini?"

Nililia, na hakunizuia.

Jioni ileile alikuja nyumbani na hina iliyokwisha kukandwa. Mama mkwe alisimama mlangoni, akaitazama, akanitazama mimi. Nilidhani atakataa. Alikwenda kuleta mto wa kuwekea miguu yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe na mimi nilikuwa nakusaidia kukosea." Siku ya pili walinikalisha katikati yao kwa mpiga picha, mama mkwe kulia, Mama Hajara kushoto. Mpiga picha aliagiza tutulie, Mama Hajara akamwambia atulie yeye, na picha ikatoka sote watatu tumefumbua midomo kwa kicheko. Ilisafiri siku ileile mkononi mwa msafiri mwingine, ikamfikia kabla ya Jumamosi. Abdu hakupanda ndege.

Picha ile haikuiharakisha viza, nisikudanganye. Mvua za masika zilikuja zikaisha, zikaja tena. Lakini sikungojea dirishani. Niliuza dukani pamoja na Mama Hajara, nilikwenda harusi zile za mchana zilizomalizwa mapema kwa hofu ya askari wa barabarani, na nilipokuwa nazungumza na Abdu nilikuwa na kitu cha kumsimulia. Viza ilipofika nilimfuata, tukaishi. Mama Hajara naye aliendelea kufungua duka mpaka wanajeshi wale walipoanguka. Akazunguka kila mlango akiuliza, na hakuna aliyemjibu. Ndipo alipofunga duka akakaa eda yake, siku zake zote, kwa uamuzi wake mwenyewe.

Basi neno langu ni hili, mwanangu. Kungoja si ibada ya huzuni, na mumeo hakukuachia kazi ya kujifuta. Ofisi ina karatasi zako, usiipe na siku zako. Watu wakikusifu kwa kunyauka, washukuru, kisha utoke uende ulikoalikwa. Mtunze mtu atakayekwenda kule, kwa kuwa mumeo hangoji muhuri, anakungoja wewe. Na ukiwaona wale ambao hawajui kama wao ni wake au wajane, wafungulie mlango, wana mengi ya kukufundisha.

Mola akufungulie njia mwanangu, isiwe ndefu. Akupe kicheko hata kabla ya viza. Na siku utakapofika, mumeo akutazame katikati ya watu wote wanaoteremka, akutambue mara moja.