Ukuta wa Mama Louise

Mama Louise, jirani yangu na mwenzangu wa shirika la kanisa, hajui kupigana. Miaka makumi mbili anauzisha mikate ya kukaanga kandokando ya soko, na mutu akimutukana anamuongezea mumoja bure. Ndiyo maana siku ile ya kupaka rangi nilimuogopa.

Bwana yake, Antoine, alikuwa ameshafikisha mwaka mu kaburi. Kwetu, kabla ya misa ya kutosha kilio, ile ya kumaliza matanga, nyumba inapakwa rangi mupya. Shemeji ya Louise, Tata Stany, ndugu ya Antoine, akaleta mupakaji Dodo na bidoni mbili za rangi: moja nyeupe, ingine buluu nzito. Dodo akapaka kipande cha kila moja kwenye ukuta wa salo, chumba cha wageni, bega kwa bega.

Louise alifurahi kuulizwa. "Nyeupe inaleta mwangaza. Dirisha yangu ni kadogo."

"Na vumbi ya malori, mama?" Dodo akasema. "Kisha mwezi moja itageuka chai ya maziwa."

"Buluu nayo ni kama kulala mu chungu."

Tukacheka. Mi nikasema: buluu chini, nyeupe juu, kama mama zetu walivyofanya. Louise akakubali.

Stany alikuwa ameinua telefone, anaipitisha ukutani. Tulifikiri anapiga picha za ukumbusho. Mara sauti ya mwanaume tusiyemujua ikatoka ndani yake: "Buluu, tata. Nyeupe itachafuliwa na mifuko yangu ya mawe ya madini. Nitaingia mu nyumba siku gani?"

"Misa ikiisha tu," Stany akajibu.

Louise akauliza pole pole: "Na mi nitaingia wapi?"

"Nyumba ni ya famili, mama. Kilio kikitoka, weye unarudi kwenu Mutshatsha. Uko na bandugu kule."

Mungu anisamehe, nilitaka kumumwangia bidoni kichwani. Louise alipiga matofali ya nyumba ile na mimba ya miezi saba. Stany hakuleta hata ndoo ya maji. Na alimuacha achague rangi, akijua.

Louise akabeba buluu, akaiweka inje, juu ya kiti cha pikipiki ya Stany. Akarudi. "Dodo, anza na nyeupe."

Dodo akamuangalia Stany, hakusogea. Louise akamunyanganya brosi, akaanza kupaka mwenyewe.

"Jumapili, siku ya Mungu, nitaleta famili yote," Stany akasema.

"Ulete. Sheria inaniachia nyumba ya bwana yangu. Utaniambia hayo mbele ya batu."

Siku ya Mungu walikuja nane. Sisi ba shirika tulikuwa makumi tatu, tumeshakalia viti byote bya salo ya Louise tangu misa ya kwanza. Walisema yao wakiwa wamesimama, kisha wakarudi kwao; Louise akabakia mu nyumba yake.