Chungu Changu Siwaoshei

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Kwa hiyo mwalimu wetu wa ufinyanzi aliposema kwamba uzuri wa chungu uko kwenye utupu wake, nilimkatiza palepale. Nilimwambia huku kwetu kambini Nakivale chungu kitupu maana yake watoto wamelala njaa, na hakuna mama anayekiita kizuri.

Wenzangu walinifinya paja ninyamaze. Mwalimu alikuwa binti wa mjini Mbarara, aliyesomea kazi ya udongo huko Uchina, na alikuwa akija kutufundisha sisi wanawake tunaofinyanga vyungu vya sokoni. Hakukasirika. Alieleza kwamba wazee wa Uchina wa zamani waliona hivi: udongo ni ukuta tu, kinachokusaidia ni ile fasi ya wazi ndani. Tena walisema kitu usikilazimishe. Kikitaka kuinama, kiache kiiname. Wafinyanzi wengi wa siku hizi, hata Wazungu, wanafuata mawazo hayo.

Hapo nilinyamaza kweli. Kule Kivu ya Kusini mama yangu alikuwa akinichapa vidole kila nilipong'ang'ania kuunyoosha ukingo. Kumbe alikuwa na wenzake Uchina. Nikaenda nyumbani, nikafinyanga chungu chenye tumbo pana, kimeegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Sikukichora kitu. Nilikipenda jamani, nikakipikia maharage wiki nzima.

Mwalimu alipokiona alisema lazima kiingie kwenye maonyesho ya Mbarara, tena meza ya katikati. Niseme ukweli, nilitaka sana. Tangu nivuke mpaka, watu wananiita mkimbizi kabla hawajaniita kitu kingine. Nilitaka angalau siku moja waniite mfinyanzi.

Nilifika ukumbini na chungu changu nimekifunga kwenye kitenge. Meza yangu ilikuwa tayari, na kikaratasi juu yake kinachoeleza utupu na hekima ya Kichina. Msimamizi wa maonyesho, bwana mmoja wa suti, akakigeuza chungu, akaona masizi. Akaagiza kisuguliwe hadi king'ae, halafu kifungiwe ndani ya kioo, mtu asikiguse.

Nilikataa. Nilimwambia masizi yale ni ya moto wangu, na kama fasi ya ndani ina maana, ni kwa sababu inatiwa chakula. Hakuinua sauti. Alisema kioshwe, au nikiondoe.

Nilimtazama mwalimu, nikidhani atanisimamia. Aliangalia chini.

"Mama, osha tu," alisema. "Watu wakuone."

Iliniuma, kwa sababu alijua kuonwa ndiko nilikokuwa nakutaka. Kwa kitambo kidogo nilifikiria kuomba maji na sabuni, niyamalize.

"Wataona nini, mwalimu," nilimuuliza, "kama munaniosha na mimi?"

Nikakifunga chungu changu kwenye kitenge, nikakiweka mgongoni. Nilipofika mlangoni niligeuka. Meza ya katikati ilikuwa imebaki na kikaratasi peke yake, na bwana wa suti amesimama kando yake, hajui aweke nini.

"Mulitaka utupu," nilimwambia. "Huo hapo. Muwaonyeshe watu."