Baba Alikuja Kabla ya Rufaa ya Mama Neema

Usiku ule wa kuamkia rufaa ya Mama Neema nilikwenda kulala na furaha. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hudai kwamba ndoto nzito humjia aliyelala na wasiwasi. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nimemaliza kupunguza mikono ya joho jeusi la uwakili ambalo mdogo wangu Zakaria angelivaa asubuhi. Nilikuwa nimelitundika ukutani, nikawa nalitazama mpaka macho yakachoka.

Zakaria ndiye niliyebaki naye baada ya wazazi kwisha. Mama alitangulia, baba akafuata, mimi nikiwa kidato cha pili, na shule ikaishia hapo. Nilijifunza kufuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono, na huku kwetu nyanda za juu, ambako baridi haina likizo, sweta halikosi mnunuzi. Zakaria akasoma. Akapata shahada ya sheria, akaenda kwenye mafunzo ya uwakili, na mimi nikadhani tumefika.

Jioni ile aliingia na mfuko, akatoa joho.

"La nani hili?" nikamuuliza. "Humu mnaenea watu wawili, wewe na mkeo, kama ungekuwa naye."

"La bosi wangu, dada. Nipunguzie mikono. Yeye kesho ana kesi mkoa mwingine, kwa hiyo kwa Mama Neema nitasimama mimi kwa niaba yake."

"Kwani umeshaapa?"

Alicheka, akakaa kwenye kiti cha mashine yangu. "Umebaki mtihani mmoja tu niurudie. Nikifaulu, napeleka maombi kwa Jaji Mkuu, nafanyiwa usaili, naapa, jina linaingia kwenye orodha ya mawakili, napewa leseni. Ni taratibu tu hizo, dada. Kazi naiweza. Rufaa yenyewe nimeiandika mimi, bosi kaweka saini. Pale ofisini wote wananiita wakili msomi."

"Na mimi nikuite wakili msomi?"

"Wewe niite ugali ukiiva."

Tukacheka wote wawili. Akanihadithia mambo ya mahakamani, kwamba wakili akisimama mbele ya jaji bila kuvaa inavyotakiwa, jaji humwambia, "Sikuoni." "Mtu mzima, dada, na kitambi chake, anaambiwa haonekani!" Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ndiyo maana nataka mikono ikae sawa."

Mama Neema ni jirani yetu. Tangu mumewe afariki, shemeji zake wanalidai shamba. Walishinda kwenye baraza la ardhi, na rufaa hii ndiyo tegemeo lake la mwisho. Ikianguka, anatoka na watoto wake kabla ya mvua. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Zakaria. Nilimwambia, "Una wakili mtaani kwako, unahangaika na nini?" Na jioni ile, nikikata uzi kwa meno, sikuona ubaya wowote.

Nikalala.

Baba aliingia bila kupiga hodi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na komeo halikulia. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia, lile tulilomzika nalo, na miguu yake ina tope mpaka magotini. Chumbani kulikuwa na mwanga, lakini si wa taa wala wa jua, mwanga wa kijivu kama wa asubuhi ya ukungu. Mezani palikuwa na sufuria ya ugali. Bibi alikuwa akitufundisha kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni, amekuja kukuchukua. Baba akaipita ile sufuria bila kuitazama. Nikashusha pumzi. Hakunijia mimi. Kisha nikajiuliza, basi kamjia nani? Na pumzi ikanirudi kifuani.

"Kamwene, baba," nikamsalimu.

Hakuitikia. Baba ambaye alikuwa akisalimia hata watoto wa kupita njiani, hakuitikia. Akaliendea joho pale ukutani, akaunusa mkono mmoja kama mtu anavyonusa maziwa yaliyolala.

"Mama," akasema. Aliniita hivyo siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Umemshonea nani?"

"Zakaria, baba. Mwanao amekuwa wakili."

Akageuka akatoka, nami namfuata. Sikumbuki kuvaa viatu. Nakumbuka baridi ya umande, na mgongo wake ukitangulia, na tope linalodondoka kutoka kwenye miguu yake bila kwisha. Tunateremka kuelekea bondeni, kwenye shamba letu la zamani. Ni lile alilolifungulia kesi mimi nikiwa mdogo. Mtu mmoja alikuja nyumbani na mkoba na koti jeusi, akasema yeye ni mwanasheria, akaandika rufaa ya baba, akasimama naye. Kumbe alikuwa kishoka, hakuwahi kuapishwa popote. Siku ilipojulikana, rufaa ikatupwa. Hakuna aliyefika kuuliza shamba ni la nani. Baba alirudi akakaa jikoni, na tangu siku ile hakuwahi kulitaja bonde kwa jina.

Sasa bondeni pamepandwa miti ya mbao, mirefu, imesimama kwa mistari. Tunaingia katikati yake. Kadiri tunavyokwenda ndivyo miti inavyokaribiana, na mara si miti tena, ni migongo ya watu waliokaa kwenye mabenchi, na juu yetu kuna dari. Sauti ikaita "Kooti!" na wote wakasimama kwa pamoja, bila mabenchi kulia, bila mtu kukohoa.

Jaji aliketi. Uso wake sikuuona vizuri, ulikuwa juu mno.

Baba alinionyesha benchi la nyuma, lakini yeye hakukaa. "Hapa ndipo nilipokuwa," akasema. "Tazama."

Nikatazama mbele. Nilitegemea kumwona yeye akiwa kijana, amekaa kwenye nafasi ya mleta rufaa. Aliyekaa pale alikuwa Mama Neema. Amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na mapajani ameweka jembe, kama mtu aliyeitwa ghafla kutoka shambani. Na tope. Miguu yake nayo ilikuwa na tope, halijafika magotini bado, lakini lilikuwa linapanda. Nililiona likipanda, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

"Wakili wa mleta rufaa," karani akaita.

Zakaria akainuka. Joho lilimkaa vizuri, Mungu nisamehe, hata kwenye hofu ile nilijisifu moyoni kwa mikono niliyoipunguza. Akainama mbele ya jaji kwa heshima. Akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka.

Naona koo lake likicheza, naona mikono ikipanda na kushuka kama ya mtu anayejenga hoja, lakini ukimya ni uleule. Jaji akazungusha kichwa taratibu, akalitazama lile benchi la mawakili kutoka mwanzo hadi mwisho, akalipita joho la mdogo wangu kama unavyopita ukuta.

"Simwoni mtu," akasema.

"Yupo, mheshimiwa!" nikapiga kelele. "Yule pale! Ni mdogo wangu, amesoma!"

Watu wote kwenye mabenchi wakageuka kwa pamoja. Jaji hakugeuka. "Simwoni mtu," akarudia. "Rufaa inatupwa."

Hapo ndipo Mama Neema alipogeuza shingo. Nilidhani atamtazama Zakaria. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kama mtu anayetazama ndoo iliyomtumbukia kisimani.

"Si wewe uliyeniambia nisihangaike?" akasema.

Nikataka kwenda kwake. Miguu haikunyanyuka. Nikainama, nikaona nami nimeanza kuwa na tope kwenye vidole. Nikamshika baba mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi lakini mgumu, uleule wa kushika jembe.

"Baba, shamba si ni la kwake kweli?"

"Ni la kwake."

"Na rufaa si imeandikwa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Sasa kwa nini?"

Watu wa kwenye mabenchi walikuwa wameanza kugeuka miti tena, mmoja mmoja, kuanzia nyuma, na ukungu unaingia kati yao. Mbele kabisa Zakaria bado amesimama, bado anaongea asisikike, na nyuma ya bega lake amesimama mwanamume mwenye koti jeusi na mkoba. Nilimjua yule mwanamume. Alikuwa amemwekea Zakaria kiganja begani, kwa upole, kama mjomba anavyompokea mpwa.

"Na mimi lilikuwa langu," baba akasema. "Nilikuwa na haki, Mama, mkononi hivi. Nikampa anibebee mtu ambaye hakuruhusiwa kuingia nayo. Ikabaki nje. Mimi nikabaki nayo nje, mpaka leo."

"Zakaria si kama yule. Zakaria amesoma."

"Yule naye alisoma." Akamtazama yule mwenye mkoba kwa muda. "Yule naye alibakiza kidogo tu."

Nikaanza kulia. Katika ndoto zangu huwa silii, lakini pale nililia kwa sauti, na sauti yangu ilikuwa ndiyo pekee iliyosikika bondeni kote. Baba akaniinamia. Kwa mara ya kwanza uso wake ukawa uso wake, na ile mikunjo ya kando ya macho.

"Mwambie asisimame na mtu kabla hajaapa," akasema. "Mwambie mtihani ule aurudie. Mwambie nilitaka sana kumwona wakili, na bado namsubiri. Sina haraka. Huku hatuna haraka."

Nikamuuliza kama atarudi tena. Alikuwa amekwisha kunipa mgongo. Alipita katikati ya miti, tope likidondoka, na kila alipopita ukungu ukajifunga nyuma yake. Nikaita, "Baba!" nikaita tena, na sauti ya pili niliisikia kwa masikio yangu, chumbani mwangu, nimeketi kitandani na shuka nimelikamata kwa mikono yote miwili.

Kulikuwa kumekucha. Kutoka sebuleni nilisikia sauti ya Zakaria, ya taratibu, yenye madaha. Alikuwa anajizoeza. "Mheshimiwa Jaji, naitwa wakili Zakaria, kwa niaba ya mleta rufaa..." Akakohoa, akaanza upya. "Mheshimiwa Jaji, naitwa wakili..."

Nilisimama mlangoni. Alikuwa tayari amelivaa joho, anajitazama kwenye kioo kidogo cha kunyolea.

"Dada, mbona hivyo? Umeota nini, umeniita baba kwa sauti yote ile?"

"Sikukuita wewe. Kaa chini."

"Gari litaniacha."

"Likuache. Kaa."

Akakaa. Nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa, sikupunguza na sikuongeza. Nilipofika kwa mwanamume mwenye mkoba, na kile kiganja chake begani, alijishika bega la kulia, kisha akaushusha mkono haraka kama aliyejiunguza.

"Ndoto tu, dada," akasema, lakini kwa sauti ndogo. "Bosi atanifukuza. Unajua hilo?"

"Najua."

"Na Mama Neema atabaki bila mtu."

"Atabaki na yeye mwenyewe. Si uliniambia mwenye kesi anaruhusiwa kuongea? Asimame amwambie jaji wakili wake hayupo, aombe tarehe nyingine. Jaji atamwona. Yule ataonekana."

Nje baridi ilikuwa kali na jogoo wa jirani alikuwa anawika kwa kuchelewa. Zakaria alitazama sakafu, halafu akauliza, kama alivyokuwa akiuliza zamani tukiwa tumebaki wawili, anataka kujua kama bado kuna chakula:

"Kuhusu mimi baba alisema nini?"

"Alisema anakusubiri. Alisema hana haraka."

Zakaria akafunika uso kwa mikono. Sikumgusa. Nilijua kama ningemgusa angekuwa mtoto tena, na asubuhi ile sikuhitaji mtoto.

Hodi ikapigwa. "Kamwene, wenyewe! Wakili wangu ameamka?" Ilikuwa sauti ya Mama Neema, yenye furaha, ya mtu aliyeoga mapema na kuvaa nguo yake ya kanisani. "Nimemletea mayai ale kabla ya safari, asije akasimama na njaa mbele ya jaji!"

Zakaria akanitazama. Nilijua anachoniomba. Sikusogea.

"Fungua wewe," nikamwambia.

Akavua joho, akaliweka kitini. Akaenda mlangoni na shati lake, akavuta komeo, ukungu ukaingia.

"Kamwene, mama," akasema. "Karibu, ukae. Mimi bado si wakili."