Samaki Aliotuvulia Mjerumani
Usiku ule madirisha ya mtaa wetu hapa Grimsby, pwani ya Uingereza, yalitikisika kwa mlipuko wa baharini, na sisi akina mama wenye wana kwenye meli ya kuondoa mabomu baharini, mimi na jirani yangu Bibi Edith tukiwamo, tukakesha tukimsubiri nahodha apite. Kabla ya vita na Wajerumani alikuwa akivua samaki. Sasa anavua mabomu kwa meli ileile. Viganja vyake vimejaa makovu ya nyaya, na hugonga mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono imebeba samaki waliouawa na mlipuko. “Kaanga, mama,” husema, “leo Mjerumani katuvulia. Percy wako yuko nyuma, anajikokota kama bwana harusi.”

Alfajiri ile nilisikia buti zake zikisimama nje, lakini hakugonga. Nikavuta mlango, ukagoma, alikuwa ameushikilia.

“Nahodha, Percy yuko wapi?”

“Subiri, mama. Waache wapite kwanza.”

Nikasikia watu wakija taratibu, wamebeba kitu kizito. Sikuelewa kama ananificha mimi au anawaficha wao. Wakasita mbele ya nyumba yangu, kisha nikamsikia Percy akisema kwa sauti ndogo, “Siyo hapa, hapa ni kwetu. Ni kwa Bibi Edith, mlango unaofuata.”

Nahodha akaachia kitasa. Nilikuwa bado nimekishika upande wangu, na sikufungua.