Chumba cha Wavutaji pale Mbale

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Jinja upande wa Kimaka, mhandisi mkuu alinipa kijiti cha udi na kiberiti. "Kijana, hewa haionekani," alisema. "Washa hiki, moshi wake utakuonyesha hewa inakokwenda." Kazi yangu ilikuwa feni na mifereji ya hewa. Wageni wetu wengi walikuwa maafisa wa jeshi, na walivuta sigara mezani, kitandani, hata kwenye ngazi. Hakuna mhudumu aliyethubutu kumwambia afande azime. Sisi mafundi tulibaki kuufukuza moshi kwa feni, na mapazia yalinuka hata baada ya kufuliwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nikahamishiwa Mbale. Mwenye hoteli ya huko alitaka cheti cha majengo yanayotunza mazingira, kinachotolewa na watu wa nje, ili apate watalii wanaopanda mlima. Sharti lililotusumbua lilikuwa la sigara: ama ipigwe marufuku jengo zima, ama kiwepo chumba kimoja cha wavutaji. Chumba hicho huwekwa feni inayovuta hewa kwa nguvu na kuitupa juu ya paa. Mlango ukifunguliwa, hewa ya ukumbini huingia ndani, na moshi hautoki. Niliwasha udi mlangoni, moshi wake ukainama na kuingia. Nilifurahi sana.

Lakini chai ya wavutaji ilipelekwa na mhudumu mmoja, Nambozo, naye alikuwa na pumu. Jioni ungemkuta ameegemea ukuta wa jiko akitafuta pumzi.

"Fundi, umesafisha hoteli yote," aliniambia. "Moshi wote umenikusanyia mimi."

Nikatoboa kidirisha katika ukuta wa chumba cha wavutaji, apitishe sinia akiwa amesimama ukumbini. Hewa safi ilimpita kutoka mgongoni ikaingia ndani. Afisa mmoja wa magereza alikichungulia akacheka.

"Nambozo, leo mimi ndiyo mfungwa? Napewa chai kwa dirisha?"

"Afande, tabia ikikuwa nzuri utatoka mapema."

Wenzake walicheka mpaka wakakohoa. Kwa majuma machache Nambozo alipumua.

Ukaguzi wa cheti ulipokaribia, meneja aliniita. "Ziba lile tundu. Halipo kwenye ramani tuliyowapelekea."

"Bwana meneja, hewa inaingia vizuri. Acha nimwonyeshe mkaguzi."

"Mkaguzi anakuja na ramani. Ziba."

"Na Nambozo?"

"Mtu lazima apeleke chai, bwana."

Nilipanga matofali, nikapiga plasta. Mkaguzi alipima ukumbi, vyumba na jiko; kote hewa ilikuwa safi. Cheti kikatundikwa mapokezi. Nambozo aliomba kuhamishiwa jikoni, akaambiwa asubiri. Hakusubiri sana, akaacha kazi.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu yamechoshwa na ngazi. Ninyi mnaoanza kazi hii mna vipimo bora kuliko vyetu. Vitumieni bila woga. Mkimaliza kupima jengo, ulizeni ni nani anayeshinda ndani ya kile chumba kimoja.

Mwaka niliostaafu nilimkuta Nambozo kule Namatala, pembeni mwa mji wa Mbale, anachoma mahindi kando ya barabara. Nikamuuliza kwa nini amerudi kwenye moshi na pumu ile.

"Huu si kama ule, mzee," alisema, akinisogezea kigoda. "Upepo ukigeuka, na mimi nahama upande. Kaa hapa."