Wavuvi wa Ndani ya Kompyuta

Kwetu delta walisema mtoto wa mkata boriti ataishia kukata boriti. Nikarudi kutoka masomoni na stashahada ya uvuvi, na asubuhi ya kwanza kazini, Utete, nikakabidhiwa kompyuta ambayo wenzangu wote waliiogopa. Nyie vijana mna simu mfukoni. Sisi tuliwasha jenereta kwanza, tukangoja, ndipo kioo kikawaka.

Serikali ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusu biashara huria. Wanunuzi walishuka na magari ya barafu, bei ya kamba ikapanda, nyavu zikajaa vijitoni. Mkuu wa Kitengo alitaka uvuvi wa kamba ufungwe mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kuijaribu amri hiyo kwenye mwigo: unajenga delta ya hesabu, kamba wake wanazaliana, wanakua, wanavuliwa, unaweka sheria, unasogeza miaka mbele, unaona kinachobaki. Ukikosea humo, hakuna anayelala njaa.

Majibu yalimfurahisha Mkuu: kamba waliongezeka. Mimi sikuridhika.

"Mzee, hawa wavuvi wa ndani ya kompyuta, mwaka mzima wanakula nini?"

"Kompyuta haipiki, Bwana Diploma. Chapa ripoti."

"Kwetu uvuvi ukifungwa, mtu anachukua shoka anaingia mikokoni kukata boriti auze. Na vitoto vya kamba vinakulia kwenye mizizi hiyo hiyo."

Akavuta kiti. Nikaiandika upya programu, peke yangu, nikawapa wavuvi wangu shoka. Kufunga mwaka mzima kukamaliza mikoko, na kamba wakafuata. Kufunga miezi michache tu, kamba wakiwa wadogo, watu walivumilia na vyote vikabaki. Pale ofisini hakuna mwenye shahada aliyeliona hilo kabla yangu.

Mkuu akabadili amri, akanituma mimi kuipeleka kijijini kwetu. Mjomba wangu, Mzee Mkumba, mwenye nyavu nyingi kuliko wote, ndiye aliyejibu.

"Kwa hiyo mashine imekwambia tukae, Bwana Samaki?"

"Miezi michache, mjomba."

"Haya. Tunakukopesha msimu wetu. Tukila hasara, hata mke utamtafutia mbali na hapa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, sasa zilikuwa sufuria za ndugu zangu, si za hesabu.

Baadaye nilihamishiwa Kibiti, nikapanda vyeo, nikastaafu kwa heshima. Lakini ninayoikumbuka ni siku ya kufungua uvuvi, miezi ile ilipokwisha. Nyavu zilipanda zimejaa. Wanunuzi wakaishiwa barafu kabla ya adhuhuri. Mjomba akanipita na tenga begani, hata hakusimama.

"Umetulipa wote," akasema. "Sasa tupishe njia, tenga zito hili."